Salamu za Pasaka: Kaa Nasi, Kumekuchwa

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Kristo amefufuka!

Kila Pasaka nimekuwa nikiwaandikia, na mwaka huu nusura niache. Kwaresima hii ilikuwa ndefu kupita siku zake 40. Bei zimepanda, kipato kimekaa pale pale, na wapo wenzetu ambao siku hizi hawaonekani ibadani. Mmoja nilikutana naye njiani, akaniambia bila kuzunguka: "Mzee, sadaka sina. Kapu likinipita naona haya." Nikamwambia Mungu haangalii mkono, anaangalia moyo. Nikaaga, nikaenda zangu. Kumuuliza kama amekula, sikumuuliza. Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba jibu langu Yakobo alishaliandika: "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba." Halafu akauliza, yafaa nini?

Mwaka huu pia nimemzika mama watoto, wengi wenu mlikuwepo. Nawashukuru. "Tuko pamoja, mzee" nililisikia hadi nikachoka kuitikia. Wiki ya tatu nyumba ikanyamaza. Akaja dada mmoja wa kwaya, jioni, hakuanza kwa wimbo wala kwa neno. Alivua viatu mlangoni, akaosha vyombo vya siku tatu, akafagia, akaniambia "lala salama, baba," akaondoka. Mahubiri ya mwaka huu nimeyasahau karibu yote (wachungaji wanisamehe), ila mlio wa zile sahani naukumbuka.

Juzi nilikuwa nasoma Yohana sura ya 20. Petro anaingia kaburini, anaona vitambaa vya sanda vimelala, na ile leso ya kichwani imezongwa-zongwa, imewekwa mbali peke yake. Mistari hiyo nimeisoma tangu ujana na sikuwahi kusimama hapo. Safari hii nilisimama, maana kitambaa cha kichwa cha mama watoto bado kiko juu ya kiti, kama alivyokikunja mwenyewe. Sijakitoa.

Basi, ndugu, tuwatazame wale wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau (Luka 24). Safari ni ya stadia 60, kama kilomita 11, na njiani wanafafanuliwa Maandiko na Mfufuka mwenyewe. Mioyo inawaka, lakini hawamjui! Macho yao yanafumbuliwa mezani, mkate unapomegwa. Na mezani hapo wasingefika kama wasingemshawishi: "Kaa pamoja nasi, kwa kuwa kumekuchwa." Alikuwa anajifanya anaendelea mbele. Wangemuaga kwa adabu kama nilivyomuaga mimi yule ndugu, wangelala wakiwa na mafundisho mazuri na nyumba isiyo na Bwana.

Ni wangapi tunawaacha waendelee mbele? Tunashikana mikono wakati wa amani na mtu ambaye hatujui analala wapi. Mzee wa kanisa anaongoza maombi kwa machozi, mfanyakazi wake wa ndani hajalipwa miezi miwili. Tunaimba "Amefufuka" sauti nne, nyumbani ndugu wawili wa tumbo moja hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Pasaka ina siku 50 mpaka Pentekoste, sisi Jumatatu tumeshaimaliza! Tusamehe, jamani. Tulipe madeni ya watu. Tuwatembelee wafiwa wiki ya tatu, siyo siku ya tatu tu. Aliyeacha kuja kanisani, tumfuate kwake, na tusimfuate mikono mitupu kwenda kumhubiria.

Naona nimeanza kupanda mimbari, na mimbari si yangu.

Nawatakia nyote, pamoja na familia zenu, sikukuu njema ya Pasaka, yenye heri, amani na baraka tele. Wagonjwa, Bwana awaponye. Wasafiri wafike salama. Wafiwa wenzangu, Mungu wa faraja yote awakumbuke. Yule ndugu wa njiani nimeshakwenda kwake, nilimkuta. Tumeongea mengi, ya sadaka hatukuyagusa.

Ibada ya alfajiri tuonane, Mungu akipenda. Nitakaa benchi letu lile lile, la pili kutoka mlangoni. Nafasi ya pembeni yangu iko wazi, atakayefika kwanza akae.