Yule wa pichani si nyuki

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lenu la Jumamosi iliyopita mlichapisha picha nzuri ya mdudu aliyetua juu ya ua kando ya kinamasi, na maelezo yake yakasema kuwa ni nyuki. Naomba kusahihisha: yule ni nzi wa maua. Nyuki ana mabawa manne, ilhali huyu ana mawili tu, vipapasio vifupi mno na macho yaliyojaa karibu kichwa kizima. Hana mwiba; amevaa rangi za nyuki ili ndege wamwogope, kwa hiyo kudanganyika naye si aibu.

Nisingewaandikia kwa ajili ya maelezo ya picha tu. Wapo nzi wa maua ambao mabuu yao huishi katika maji yaliyotuama yenye majani yanayooza, wakipumua kwa mrija wa nyuma unaorefuka na kufupika kwa kufuata kina cha maji, hata ukiwaona utadhani ni funza walioota mkia wa panya. Wakikomaa hutoka majini na kujificha katika udongo wa ukingoni usio na maji mengi, ambamo hugeuka na kutoka na mabawa, kisha huhitaji chavua na maji matamu ya maua ya nyasini.

Kwa hiyo ukingo ndio uhai wao, na ukingo ndio tunaoutangulia kuuharibu. Huku kwetu Mpigi, Uganda, hufyatuliwa matofali na kupandwa magimbi hadi penye maji. Mafunjo ya katikati huachwa, nasi tukayatazama kwa mbali tukaridhika kwamba kinamasi kipo. Wengine humwaga oili chafu mitaroni kuua mbu, nayo huwakatia pumzi mabuu hawa pia. Ibara ya 237 ya Katiba yetu ya mwaka 1995 inaitaka serikali iitunze ardhioevu, yaani vinamasi na mfano wake, kwa niaba ya wananchi, wala sidhani kwamba ilikusudia mafunjo peke yake.

Nawaomba msahihishe maelezo yale. Aidha, mpigapicha wenu akienda tena kwenye kinamasi cha Mabamba kumtafuta korongo-nyangumi, yule ndege mkubwa mwenye mdomo kama kiatu, ambaye ndiye kila mgeni humfuata, atazame pia nyasi za ufukoni wakati akiusubiri mtumbwi.

Msomaji wenu,
Mpigi