Maji ya kunywa yapimwe kabla ya mafuta ya injini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wengi wanaokwenda kuvua hulipanga mwisho kabisa, chombo kikiwa tayari kinaelea: kula na kunywa. Ndoana hunolewa siku moja kabla, chambo hutafutwa alfajiri, mafuta hupimwa kwa lita na kuongezwa akiba. Maji ya kunywa huwa ni chupa mbili zilizobebwa mlangoni wakati wa kutoka. Safari ikiharibika, watu husema jua lilikuwa kali, kichwa kiliuma, fulani aliteleza akajigonga ukingoni. Maji hayatajwi, na mara nyingi ndiyo yaliyoanza kukosekana.

Mtu anayevuta nyavu, kupiga makasia au kusimama juani na mshipi mkononi anaweza kutoa jasho la nusu lita hadi lita nzima kwa saa, na zaidi joto likizidi. Kiu huchelewa, ikianza kukukera, mwili umeshapungukiwa. Kwa hiyo kwenye joto kali na kazi nzito mtu anywe kwa saa yake, asisubiri kiu: glasi moja ya robo lita kila baada ya dakika 15 hadi 20, na kazi ikitulia apunguze. Asivuke lita moja na nusu kwa saa. Maji mengi mno bila chumvi hushusha sodiamu kwenye damu, na dalili zake, yaani kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, zinafanana na za aliyekosa maji. Ndiyo maana wapo wanaozidishiwa maji wakati hayo hayo ndiyo yaliyowaumiza.

Kwa safari ya kutwa kwenye joto, lita 5 kwa kila mtu ni kiwango cha kuanzia. Juu yake iwekwe akiba ya nusu ya hesabu hiyo, isiyoguswa mpaka mnashuka, ila safari ikiharibika. Watu wanne watahitaji lita 20 na akiba 10, jumla lita 30, na hizo ni kilo 30. Uzito huo uhesabiwe kwenye mzigo wa chombo, ulazwe chini katikati na ufungwe usitembee. Anayeona ni mwingi ajiulize kama angepunguza mafuta kwa sababu hiyo hiyo. Injini ikizima au upepo ukigeuka, safari ya saa 8 inaweza kuwa ya saa 20, na kwa saa hizo za ziada akiba ndiyo mtakayokunywa.

Maji yasikae kwenye dumu moja. Likipasuka au kifuniko kikilegea, yote yameondoka. Madumu manne ya lita 5 ni bora kuliko moja la lita 20, na kila mtu awe na chupa yake ya lita moja yenye alama. Chupa ya mtu binafsi humwezesha nahodha kuona kwa jicho nani hajanywa tangu asubuhi. Mara nyingi ni yule anayefanya kazi kuliko wenzake, na ndiye wa kwanza kupata mkakamao wa misuli.

Dumu lililowahi kubeba petroli au dizeli lisiwekwe maji ya kunywa hata siku moja, hata likioshwa kwa sabuni na maji ya moto mara kumi. Plastiki hunyonya mafuta na kuyaachia polepole, na maji yakishapata harufu hiyo hayasafishiki, hata kwa kuchemsha. Madumu ya maji yawe ya rangi tofauti, na yafungwe kamba nene shingoni ili mkono uyatambue gizani bila kuwasha taa.

Usiku wa kuamkia safari, gandisha nusu ya chupa. Zijazwe zikiachwa nafasi ya sehemu moja kwa kumi, maana maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na chupa iliyojaa hupasuka mshono. Chupa hizo hufanya kazi ya barafu asubuhi na huwa maji baridi ya kunywa alasiri. Barafu iliyomwagwa wazi isinywewe ikiyeyuka, hasa ikiwa imelalia samaki au chambo. Chambo kiwe na kasha lake, chakula lake. Kasha moja kwa vyote viwili ni kosa ninaloliona kila mahali, na mfuko wa plastiki katikati hausaidii: hutobolewa na mwiba au ndoana, damu ikatiririka hadi kwenye mkate.

Wanaovua mtoni au ziwani hujiona salama kwa sababu wamezungukwa na maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Maji hayo yachemshwe mpaka yatokote sawasawa kwa dakika moja, au dakika 3 kama mko juu ya mita 2,000. Pasipo moto, klorini ya majimaji ya kung'arishia nguo nyumbani, isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6, hutiwa matone 2 kwa lita ya maji maangavu, kisha husubiriwa dakika 30. Maji ya tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi na matone yawe 4. Kuchemsha na klorini huua vijidudu. Haviondoi chumvi, mafuta wala kemikali za viwandani.

Maji ya bahari yana chumvi ya takriban gramu 35 kwa lita. Figo haziwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi nyingi kiasi hicho, hivyo ili kuitoa hulazimika kuchota maji ya mwili wenyewe. Anayekunywa lita moja ya maji ya bahari hupoteza zaidi ya lita moja, na kuyachanganya na maji baridi kidogo ili "yaende mbali" ni kuyaharibu yale machache yaliyobaki.

Jasho huondoka na chumvi, lakini anayekula milo yake ya kawaida huirudisha bila dawa. Mchanganyiko wa chumvi na sukari ni wa aliyetapika, anayeharisha au aliyetoka jasho kwa saa nyingi bila kula: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa kwa ukingo wa kisu. Watu hukosea pale chombo kinapoyumba na mtu anachota kijiko kilichojaa kilima, au anabadilisha vipimo viwili hivyo, na chumvi ikizidi humdhuru mgonjwa. Vipimwe nyumbani mezani, kila kipimo cha lita moja kwenye mfuko wake mdogo mkavu. Ukikoroga, onja: usizidi chumvi ya machozi. Soda na vinywaji vya kuongeza nguvu havifai badala yake. Sukari yake ni nyingi na inaweza kuchochea kuhara.

Chai na kahawa kwa kiasi cha kawaida hazikaushi mwili kama inavyosemwa. Pombe ni jambo jingine. Inaongeza mkojo, inaharibu mizani ya mwili mahali ambapo sakafu haitulii, na penye baridi inapanua mishipa ya ngozi, mtu akahisi joto huku mwili wake unalipoteza. Isiingie kwenye chombo mpaka kimefungwa gatini.

Sasa chakula. Mlo wa kwanza uliwe kama saa mbili kabla ya kuondoka, uwe wa wanga na usiwe wa mafuta mengi. Wapo wanaofunga tumbo wakiogopa kigegezi. Tumbo tupu halizuii kutapika, na wengi huwa wabaya zaidi. Biskuti kavu kidogo kidogo na tangawizi huwasaidia baadhi ya watu. Vidonge vya kuzuia kichefuchefu humezwa nchi kavu kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, kwani mtu akishaanza kutapika hutoka navyo. Vingi huleta usingizi, kwa hiyo asiyevizoea asishike usukani siku hiyo.

Chombo kikishaondoka, kula kidogo kila saa mbili au tatu kunafaa kuliko mlo mmoja mzito wa mchana unaomlaza mtu. Chakula bora ni kikavu, kinacholiwa kwa mkono mmoja, kisichodai baridi: mkate, biskuti, karanga, tende, matunda ya kumenya. Gramu 100 za karanga zina kalori karibu 570, na za wali mweupe uliopikwa hazipiti sana 130, kwa hiyo mfuko mdogo wa karanga unabeba kazi ya sufuria. Zichukuliwe zisizo na chumvi nyingi. Samaki au nyama ya kopo ni sawa, mradi ikifunguliwa iishe palepale.

Nimetaja wali, na hapo naomba nikae kidogo, maana wali hubebwa sana na husababisha maradhi ya tumbo ambayo hulaumiwa mawimbi. Chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa kati ya nyuzi joto 5 na 60 zaidi ya saa mbili, na hewa ikipita nyuzi 32, zaidi ya saa moja. Wali unaofunikwa moto usiku kwenye sufuria yenye kina na kufunuliwa adhuhuri umekaa humo humo usiku kucha. Kuna bakteria ambao mbegu zao huvumilia kupikwa, kisha wali ukiwa vuguvugu huamka na kutengeneza sumu. Sumu hiyo haivunjwi na moto, kwa hiyo kuupasha tena hakusaidii, na unaweza usinuke wala kubadilika ladha. Anayetaka wali autandaze mwembamba kwenye sinia upoe ndani ya saa moja, uingie jokofuni, asubuhi uingie kwenye kasha la barafu na ukae humo hadi kuliwa. Au autie ukiwa wa moto sana kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana iliyotangulizwa maji yanayochemka kwa dakika 10, na uliwe ukiwa bado unatoa mvuke. Mayai na viazi vya kuchemsha navyo ni vya kwenye barafu. Ganda si kinga ya joto.

Halafu mikono. Mkono uliotoka kwenye chambo una utelezi, magamba na damu, na kuuchovya baharini huondoa kinachoonekana tu. Lita moja ya ziada ya maji baridi na kipande cha sabuni kwenye soksi iliyofungwa ukingoni vinatosha watu wanne. Pasipo sabuni, chakula kifungwe nyumbani kipande kwa kipande kwenye karatasi: unashika karatasi, unaichana juu kidogo, unauma, unaichana tena, na kile kipande cha mwisho palipo vidole kinabaki kwenye karatasi, hakiliwi. Na anayebana chubwi za risasi kwa meno aache. Risasi ni sumu, na koleo dogo halina uzito.

Wengi hutegemea kula walichovua. Ni sawa kama samaki aliingia kwenye barafu mara tu alipotolewa majini. Jodari, nguru na vibua wakikaa juani hutengeneza sumu iitwayo histamini, ambayo kupika hakuiondoi. Mlaji huwashwa mdomo, huwiva uso na kichwa kumgonga. Bunju asiliwe kabisa. Chewa wakubwa na mzia wa miamba ya bahari za joto wanaweza kubeba sumu isiyoonekana wala kuondoka kwa moto, kwa hiyo mdogo ni salama kuliko mkubwa, na maini yatupwe. Anayependa samaki mbichi ajue kwamba minyoo hufa kwa kugandisha nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Ndimu haiwaui. Na jiko la mkaa au la mafuta lisiwashwe ndani ya chumba cha chombo kilichofungwa, hata mvua ikinyesha: hewa yake yenye sumu haina harufu na humkuta mtu amelala.

Ikitokea mmekwama na maji yanapungua, punguzeni kwanza kula, hasa samaki, nyama na vya chumvi, kwa sababu mwili hutumia maji kutoa mabaki yake. Jifunikeni kivuli, lowesheni nguo kwa maji ya bahari mchana, na zikauke kabla ya jua kuzama. Mvua ikija, maji ya kwanza kwenye turubai yamwagwe. Yana chumvi iliyokaukia hapo. Yanayofuata ndiyo ya kukinga.

Mkirudi, pimeni kilichobaki kwa lita na mkiandike. Hesabu ya safari ijayo itatoka hapo. Dumu la akiba limwagwe hata kama halikuguswa, lisuuzwe, na likaushwe mdomo ukiwa chini, bila kifuniko.

Wako,
Mvuvi na msomaji wa gazeti hili