Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ununuzi wa Chakula kutoka Mashamba ya Jirani

Ndugu Wanachama,

Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka ya chama chetu, kinachoziunganisha kaya za Arusha mjini zinazonunua chakula kwa pamoja kutoka kwa wakulima wa miteremko ya Mlima Meru na tambarare zilizo chini yake. Hesabu zilizokaguliwa atazisoma Mweka Hazina. Mimi nitajikita katika ununuzi wenyewe.

Mwaka huu tuliamua kwamba oda zetu zifuate kalenda ya shamba. Uamuzi huo haukuwafurahisha wote, na sababu zao zinaeleweka, kwa kuwa aliyezoea kukuta kila kitu katika Soko la Kilombero haoni kwa nini aambiwe asubiri msimu. Hata hivyo, mkulima wa nyanya wa Ngarenanyuki anayejua tangu anapopanda kwamba zipo kaya zitakazochukua sehemu ya mavuno yake halazimiki kumuuzia dalali mzigo wote kwa bei ya kutupa siku ambayo soko limefurika. Nasi tunapata nyanya iliyoivia shambani, isiyochumwa mbichi ili ihimili safari.

Faida ya ukaribu imeonekana zaidi katika mboga za majani. Mnavu, mchicha na mgagani hunyauka upesi, hivyo mboga iliyochumwa alfajiri Nduruma na kuliwa siku hiyohiyo haiwezi kulinganishwa na iliyolala njiani. Tuna bahati ambayo miji mingi haina: Kituo cha Dunia cha Mboga kina ofisi ya kanda Tengeru tangu 1992, na aina za mnavu ziitwazo Nduruma na Olevolosi zimetokana na kazi ya watafiti wake. Kwa mwanachama anayetaka kuwafahamu wakulima ana kwa ana, nashauri aanzie katika soko la Tengeru siku za gulio, Jumatano na Jumamosi, amuulize muuzaji kama mzigo ni wa shamba lake au ameununua kwa jumla, kisha aombe kulitembelea shamba hilo.

Katika ziara hizo, swali la viuatilifu lisiachwe. Kila dawa ina muda wa kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna, na muda huo huandikwa kwenye kibandiko cha chupa. Tumewaomba wakulima tunaonunua kwao waandike daftarini tarehe ya kupulizia, na nawashukuru kwa dhati waliokubali, kwani si kazi ndogo kwa mtu anayelima peke yake.

Kuhusu vipimo, kamati haitapokea lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Kanuni za vipimo haziruhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na gunia lililoshonewa kilemba humwibia mkulima hata pale mnunuzi anapodhani amepata nafuu. Viazi, karoti na vitunguu vitaendelea kupimwa kwa kilo, mkulima akiwa anaitazama mizani.

Mahindi yanahitaji uangalifu wa pekee. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na jambo hilo halipaswi kusahaulika na yeyote anayehifadhi nafaka nyumbani. Tununue mahindi yaliyokaushwa juu ya turubai hadi unyevu usiozidi asilimia 13, na yenye ukungu yakataliwe hata yakiwa ya bei rahisi.

Kamati inaomba mkutano huu uridhie hoja moja: kila kaya itie saini, kabla ya mvua za masika, kiasi cha mboga, maharage na viazi itakachochukua msimu ujao, ili orodha iwafikie wakulima kabla hawajanunua mbegu. Fomu zipo kwa Katibu.