Ulinzi wa vijijini uendane na msimu wa korosho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie taarifa ya mbunge wetu kuhusu usalama na uchumi. Ni kweli kwamba mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima kukabidhi mazao ghalani, kupewa stakabadhi, kisha mazao kuuzwa kwa mnada, ulioanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, umetupatia soko la uhakika zaidi. Hata hivyo, taarifa hiyo haikugusa kipindi ambacho sisi wakulima wa Tandahimba huwa na hofu kubwa, yaani kuanzia Oktoba, korosho zinapoanikwa uani zikisubiri kupelekwa chama cha msingi cha ushirika. Msimu uliopita mama yangu, ambaye ni mjane, alilala barazani siku nne akilinda magunia mawili, kwa kuwa vijana wetu wa ulinzi shirikishi hawakuwa hata na tochi. Vijana hao watengewe fungu la fedha kabla ya mnada wa kwanza wa korosho.

Mkulima,
Tandahimba, Mtwara.