Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ndege Yetu Ilikuwa Askari au Mwalimu?

Wanachama wenzangu,

Mliponikabidhi kiti hiki mwaka jana mlinipa na swali: ndege yetu ya zamani ya Kiingereza aina ya Tiger Moth, iliyolala bandani pale Uwanja wa Wilson, Nairobi, iliwahi kuwa ya jeshi au la? Mengine ya chama nitayapitia mbio mwishoni, maana najua kilichowaleta.

Nianze na tundu la risasi. Kila mgeni aliyeingia bandani ameonyeshwa kile kiraka chini ya bawa la kushoto, akaambiwa hapo ndipo risasi ya Mau Mau ilipopita. Hata mimi nimeisimulia hadithi hiyo, na chumvi nikatia. Basi fundi wetu alipokifungua kitambaa ili akague mbao, tulimzunguka watu watano, kimya kama wanaongoja matokeo ya mtihani. Chini ya kiraka palikuwa na ubavu wa mbao uliotafunwa, mavi ya panya na kiota cha nyuzi. Fundi hakusema neno. Alichukua brashi akafagia.

Tungetumia akili mapema tusingeaibika. Bawa la ndege hii ni mbao zilizovikwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza, na kitambaa hicho huchoka. Kila baada ya miaka kadhaa ndege huvuliwa ikavikwa kingine. Hata kama risasi ilipita kweli mwaka 1954, tundu lake lilikwenda jalalani zamani.

Ushahidi wenyewe ulikuwa nyuma, mahali ambapo hakuna mgeni aliyewahi kupelekwa. Mbele kidogo ya mkia, kushoto na kulia, tulikuta safu ya matundu madogo ya skrubu, yamezibwa vizuri na kupakwa rangi juu. Hapo ndipo jeshi la anga la Uingereza, RAF, lilipokuwa likifunga vibawa virefu vyembamba katikati ya vita vya pili vya dunia. Ilikuwa imegunduliwa kwamba Tiger Moth ikianza kuanguka huku ikizunguka kama pia, rubani hupata taabu kuitoa humo. Baada ya vita wanunuzi wengi wa kiraia waliving'oa vibawa hivyo. Matundu yakabaki.

Kisha fundi akakwangua bati chini ya injini, eneo la ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Ikatoka nyeupe yetu, chini yake buluu, chini yake rangi ya fedha, na chini kabisa njano. Wakati wa vita ndege za mafunzo za RAF zilipakwa mgongo wa kijani na kahawia, lakini tumbo lilikuwa la njano ili mwanafunzi aonekane na kila mtu akae mbali naye.

Hapo tukakirudia kibati kilichomo ndani ya chumba cha rubani. Namba ya kiwandani iliyopigwa juu yake ilitupeleka kwenye namba ya kijeshi: herufi T na tarakimu nne. Mjumbe wetu mmoja alijaribu kuhesabu kutokana na namba hizo ili ajue Waingereza waliunda ndege ngapi, akapata jumla ya ajabu. Asijilaumu. Namba zilitolewa kwa mafungu, na baadhi ya mafungu yalirukwa makusudi ili Wajerumani wapotee kwenye hesabu kama alivyopotea yeye. Tiger Moth za aina zote, tangu ile ya kwanza iliyoruka tarehe 26 Oktoba 1931, ni zaidi ya 8,000.

Makumbusho ya RAF yaliyoko London yana nakala za mikrofilamu za kadi za uhamisho, Fomu 78, ambamo kila ndege iliandikiwa ilikotoka na ilikopelekwa. Nakala ya kadi yetu ilifika. Niliisoma mara tatu nikitafuta angalau neno moja la kishujaa. Ghala. Shule ya mafunzo ya awali ya urubani. Ghala tena. Ikauzwa. Basi.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, ilikuwa ya jeshi, lakini haikumpiga mtu. Kuna waliokumbusha kwamba mwaka 1940, Waingereza walipoogopa kuvamiwa, Tiger Moth zilitengenezewa vishikio vya kubeba mabomu manane ya ratili 20 kila moja. Ni kweli, lakini uvamizi haukuja na mpango huo haukutumika. Wengine wanaamini ndege yetu ni miongoni mwa zile za Wilson Airways, kampuni aliyoianzisha Florence Kerr Wilson mwaka 1929, ambazo serikali ilizichukua vita vilipozuka. Haiwezekani: wakati huo wote kadi inaionyesha ikiwa Uingereza.

Na Mau Mau je? Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, ndege zilizopiga mabomu msituni zilikuwa Harvard, na tangu mwishoni mwa 1953 Lincoln zenye injini nne. Polisi wa akiba walitumia Piper ndogo. Auster zilifungwa vipaza sauti vya kuwaita wapiganaji wajisalimishe. Kwetu hakuna karatasi hata moja inayoiweka ndege hii katika kazi hiyo.

Nilipoyaeleza haya kwenye kikao cha Julai, mwanachama mmoja ambaye marehemu babake alikaa na Mau Mau msituni Nyandarua miaka mitatu alisimama akauliza, "Hivi mwenyekiti, mlikuwa mnaomba iwe ndiyo iliyompiga mzee wangu?" Hatukuwa na la kumjibu. Tangu siku hiyo sijamwonyesha mtu kile kiraka.

Pengo lililobaki ni kati ya kuuzwa na kufika Kenya. Chini ya herufi za 5Y, alama ya usajili wa Kenya ya leo, ukimulika tochi kwa ubavu, utaona kivuli cha VP-K, alama ya usajili wa Kenya kabla ya uhuru, na herufi tatu za mwisho ni zile zile. Lakini daftari la kwanza la ndege halipo. Mwenye jamaa aliyefanya kazi mabandani Wilson miaka ya hamsini na sitini aulize nyumbani, hasa picha. Kuna pia jambo linaloninyima usingizi: fremu ya ndege hii ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa boliti, na mafundi wa zamani hawakuona haya kuunganisha mbele ya hii na nyuma ya ile. Kibati kiko mbele, matundu yako nyuma. Vyote ni vya jeshi. Kama ni vya ndege moja, fundi atatuambia akipata namba iliyopigwa kwenye mabomba ya nyuma.

Mbele yenu kuna hoja ya kuipaka rangi za vita na kuchora mabomu ubavuni, kwa sababu eti wageni watalipa zaidi. Mabomu nayapinga, na naomba iandikwe kwenye kumbukumbu. Tumbo la njano naliunga mkono, maana tumelikuta pale pale. Kibao cha mlangoni kinachosema "ndege ya kivita" nimekishusha bila kungoja kura. Mnaweza kunikemea.

Mengineyo: hesabu atazisoma mweka hazina. Magneto moja kati ya mbili, vile vifaa vinavyoipa injini cheche, imekwenda kutengenezwa, kwa hiyo mwezi huu injini haitawashwa. Ada za mwaka wenye deni wanajijua. Mitego ya panya imenunuliwa, sita, na funguo za banda anazo katibu.

Mwenyekiti