Mwanangu, usipokee hela ya mzigo ambao haujabanguliwa

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipata kwa mdogo wako, marahaba. Huku Tandahimba wazima wote, msimu ndo umeanza na kila nyumba watu wako shambani. Simu ya jana ilikatika kabla sijamaliza kwa hiyo naandika, na uisome ukiwa umekaa, sio kwenye daladala.

Page yako ya kuuza korosho nimeiona, mdogo wako kanifungulia nikaiangalia mpaka chini kabisa. Picha ya korosho kwenye ungo imetulia, nimemwonyesha shangazi yako na yeye kawaonyesha wenzake kwenye chama. Lakini pale juu umeandika "lipia leo, mzigo unafika ndani ya siku mbili". Mzigo upi mwanangu? Hizo korosho nabangua mimi hapa uani na wale dada wawili unaowajua, na leo tunavyoongea kuna ndoo moja tu iliyomenywa. Hayo maneno yatoe leo, kabla hujalala.

Lile la binti wa mtaa wa nyuma aliyekuwa anauza madera Facebook umelisikia? Hakuwa mwizi yule mtoto. Kapokea hela za watu, mzigo ukachelewa huko alikoagizia, akaona aibu akazima simu. Basi. Siku ya tatu picha yake iko kwenye magrupu imeandikwa tapeli, na mama yake sokoni anapita kichwa chini. Tangu nimesikia hiyo habari silali vizuri, nakuwaza wewe tu.

Haya piga hesabu na mimi. Kilo moja ya korosho iliyomenywa inakula kilo nne mpaka tano za ghafi. Huyo mtu wako wa Sinza anayetaka kilo hamsini kwa ajili ya harusi maana yake anataka ghafi kilo mia mbili na zaidi, zikaangwe, zipasuliwe moja moja, zikaushwe, zimenywe ganda la ndani kwa vidole. Unajua mafuta ya ganda yanavyobabua, mikono yetu unaijua. Na kwenda haraka ndo korosho zinavunjika, umemuahidi nzima nyeupe halafu anapokea vipande. Mwambie kumi zipo sasa hivi, nyingine tarehe fulani, na hela ya hizo nyingine akae nayo mwenyewe mpaka nikwambie zimefungwa. Akikataa aende. Wateja wa Dar hawaishi.

Na barabara je? Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyopita, njia ikakatika kule Somanga, Kilwa, mabasi ya Kusini yakalala njiani na mizigo ya watu ndani. Mwezi huohuo nyaya za baharini zikaharibika, intaneti ikasumbua nchi nzima. Sasa wewe una hela ya mtu, mzigo uko Kilwa, WhatsApp haifunguki, utamwambia nini? Ndo maana nakusisitiza namba za wateja ziandike kwenye daftari, daftari la karatasi, jina, namba, kachukua nini, kalipa au bado. Simu inaibiwa, akaunti inaibiwa. Na weka ule uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp na Instagram, zile tarakimu sita zikija kwa meseji usimpe mtu hata akisema yeye ni mtu wa kampuni. Akaunti ikishaingia mikononi mwa matapeli wataomba hela kwa jina lako, na hapo tunarudi kulekule kwa binti wa madera.

Mengine uko vizuri, sitaki uone nakushusha. Ila hiyo "bei njoo DM" siipendi. Mtu mwenye haraka hawezi kuja kukubembeleza umtajie bei. Andika robo bei gani, nusu bei gani, kilo bei gani, na nauli ya bodaboda juu ya nani. Hamia WhatsApp Business, ni bure, ina sehemu ya katalogi unaweka picha na bei mtu anajionea mwenyewe, na ina lebo unamwekea kila mteja, huyu kalipa, huyu bado, huyu mzigo umetoka. Mimi walimu wote wa hapa nawauzia kwa status tu, sina Instagram wala nini. Ila ukituma kwa ile orodha ya matangazo ya WhatsApp, ile broadcast, kumbuka mwisho watu 256 na anayepata ni yule tu aliyekusevu, kwa hiyo kila anayenunua mwombe asevu namba yako hapohapo. Usiwaingize watu kwenye grupu bila kuwauliza, watatoka na watanuna.

Wafuasi wa kununua achana nao, hawali korosho hao. Ukiona umepata pa kusimama basi lipia tangazo kwa hela ndogo, uchague Dar peke yake, maana ukiacha nchi nzima hela yako inakwenda kuonyesha korosho Kigoma ambako huwezi kupeleka. Halafu usihesabu like, hesabu waliokuuliza bei na walionunua. Na tangazo usilipie wakati ndoo ziko tupu! Tangazo linaleta watu, watu wanaleta hela, na hela ikishaingia kwenye simu yako hujui hata utairudishaje ukishaitumia kwenye kodi ya chumba. Unaona narudia. Narudia makusudi.

Video nitakutumia mimi. Mdogo wako atanishikia simu asubuhi, jua likiwa bado la upande, nikiwa nimejipaka majivu mikononi napasua. Watu wa mjini wengi hawajui korosho inatoka wapi, wakiona ile kazi hawatabishana na bei. Usichukue picha za watu mtandaoni kama ulivyofanya kwenye ile posti ya pili, zile korosho sio zetu na nimezijua palepale, zetu haziko hivyo. Na meseji za miamala za wateja usizitupie status kujionyesha unauza, zina majina na namba za watu, na sheria ya taarifa binafsi ipo tangu 2022.

Jingine zito. Usije ukaandika popote "nanunua korosho ghafi", hata kama kuna mtu kakuahidi faida. Ghafi inapita chama cha ushirika, inakwenda ghalani, inauzwa mnadani, nje ya hapo ni kangomba, ununuzi wa magendo, na ya 2018 jeshi lilipokuja kubeba korosho unayajua, sirudii. Sisi tunauza iliyobanguliwa, ya shamba letu, basi.

Najua utasema mama ana wasiwasi sana. Kipindi kile nakunyang'anya simu usiku sikujua kama ndo itakuja kuwa duka lako, hayo yaishe. Baba yako bado anasema ungebaki kwenye kazi ya kuajiriwa, mimi nimemwambia amwache mtoto, anajituma. Lakini usiniangushe kwa hili moja. Hela ya mzigo ambao haupo mkononi sio yako.

Jumanne nakupa mzigo kwa basi, kilo kumi na mbili, nimezipima mbele ya mdogo wako. Ukifika pima tena kabla konda hajaondoka. Mifuko iwe imefungwa kwa moto, zikiingia hewa zinalainika na mteja hatasema kitu, atakaa kimya tu na harudi. Kwenye boksi hilohilo kuna ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, kula mapema isiharibike, na nazi sita za bibi yako.

Bati la jikoni limeng'oka tena upande wa choo. Fundi anataka elfu arobaini, mpe baba yako jibu mwenyewe kama utachangia maana mimi nimechoka kuwa katikati yenu. Sare ya mdogo wako nimeshashona, viatu bado, namba 38, ukipata vya mtumba vizuri hapo Karume mfungie kwa basi la kurudi.

Ukishatoa yale maneno kwenye page nipigie picha ya skrini unitumie kwa namba ya mdogo wako.

Mama yako