Ndugu zake Yesu: neno moja limebebeshwa mzigo usio wake

Mhariri,

Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma katika ukurasa huu wa barua malumbano ya Wakristo wenzangu juu ya mama yake Yesu na jamaa zake, yaani kama alizaa watoto wengine au alibaki bikira, na kila mara hoja huishia palepale. Mmoja anafungua Marko 6:3, anasoma majina ya Yakobo, Yose, Yuda na Simoni, kisha anatangaza kwamba kesi imekwisha. Mwingine anamjibu kwamba ndugu si lazima awe wa tumbo moja, naye pia anatangaza kwamba kesi imekwisha. Naomba nafasi nieleze kwa nini naona wote wawili wamefunga jalada mapema mno.

Nimezaliwa katika nyumba ya mchanganyiko. Baba yangu ni mtu wa Machame, Mlutheri. Mama ni wa Kibosho, Mkatoliki. Kwa anayeijua Kilimanjaro hilo halihitaji maelezo marefu, kwani mpaka leo ukitaja kijiji unakotoka mtu hukisia unasali wapi. Kwa akina baba, waliolelewa na Biblia ya Union, mama wa Yesu alikuwa Mariamu. Kwa akina mama alikuwa Bikira Maria. Tulipofiwa na mama mkubwa, wanawake wa jumuiya yake walikuja jioni kusali rozari, na mkwe wetu mmoja, ambaye ni mhubiri, akasimama katikati ya sala akitaka waache, kwa sababu "Mariamu alizaa watoto wengine na hawezi kumwombea mtu". Namkumbuka mama mdogo akiwa ameishika punje moja kati ya vidole viwili, hajui aiachie au aendelee. Rozari ile ilimaliziwa jikoni, kwa sauti ya chini.

Sasa tulitazame hilo neno lenyewe. Mimi mtoto wa mama mdogo simwiti binamu. Ni ndugu yangu, na nikitaka kumtenga na wale niliozaliwa nao inanibidi niongeze "tumbo moja". Kwa hiyo Mswahili anayesoma "ndugu zake" katika Biblia yake hajaambiwa bado ni ndugu wa namna gani. Wakatoliki huongeza kwamba Abramu alimwambia Lutu, mtoto wa ndugu yake, "sisi ni ndugu" (Mwanzo 13:8). Ni kweli, lakini haki itendeke kwa upande wa pili pia: Injili zimetufikia katika Kigiriki, na Kigiriki kilikuwa na neno lake la binamu, anepsios, ambalo limetumika katika Wakolosai 4:10. Wainjili hawakulitumia kwa Yakobo na wenzake.

Hali ni hiyohiyo katika Mathayo 1:25, ambapo Biblia ya Union inasema Yusufu hakumjua mkewe "kamwe hata alipomzaa mwanawe". Vijana wengi husoma "hata" hiyo wakapotea njia, maana katika Kiswahili cha zamani ni "mpaka". Je, mpaka husema chochote juu ya yaliyofuata? Mikali binti Sauli hakuwa na mtoto mpaka siku ya kufa kwake (2 Samweli 6:23), na hakuna anayedhani alizaa baada ya kuzikwa. Lakini nikikuambia kwamba jana sikula mpaka saa nane, utaelewa kwamba saa nane nilikula. Nikiulizwa mimi, lugha peke yake inaelemea kidogo upande wa baba yangu, na mapokeo ya kale yanaelemea sana upande wa mama yangu.

Wala swali hili halikuanzishwa na makanisa ya juzi. Kitabu cha karne ya pili kinachoitwa Injili ya Awali ya Yakobo, ambacho hakimo katika Biblia ya kanisa lolote, kilieleza kwamba Yusufu alikuwa mzee mwenye watoto tayari alipokabidhiwa Mariamu. Kwa maneno yetu, wale walikuwa ndugu wa kambo, na ndivyo Waorthodoksi wengi wanavyoamini hadi sasa. Karibu mwaka 380 mtu mmoja aitwaye Helvidius aliandika kwamba walikuwa watoto wa Mariamu na Yusufu. Jerome, mwanazuoni aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, akamjibu mwaka 383 kwa ukali, akisema walikuwa watoto wa ndugu yake Mariamu, yaani watoto wa mama mkubwa au mama mdogo. Mambo matatu hayo ndiyo tunayogombania leo, na hatujaongeza la nne.

Kinachonishangaza kwa Waprotestanti wenzake mkwe wetu ni jinsi wasivyowajua wazee wao. Martin Luther aliamini kwamba Mariamu alibaki bikira, na Zwingli, mwanamatengenezo wa Uswisi, vilevile. Calvin, ambaye hakuwa na huruma kwa ibada za watakatifu, alimlaumu Helvidius na kuwaonya wanaotaka kuchimba zaidi ya alichoandika Mathayo. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alikiri ubikira huo wa daima katika barua yake ya mwaka 1749 kwa Mkatoliki. Na anayecheka kwamba "Mungu hawezi kuwa na mama" ajue kwamba Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulilitetea jina la Mama wa Mungu dhidi ya Askofu Nestorius aliyelipinga, kwa ajili ya Kristo kwanza, kwamba aliyezaliwa ni mmoja, Mungu na mtu, na kwamba maungamo ya Walutheri wenyewe yanalikubali.

Upande wa mama yangu nao una deni. Ubikira wa daima ni imani ya kale sana, lakini Kukingiwa Dhambi ya Asili kulitangazwa kuwa fundisho la lazima mwaka 1854, na Kupalizwa Mbinguni, yaani Maria kuchukuliwa mbinguni mwili na roho, mwaka 1950. Thomas wa Akwino mwenyewe, mwalimu mkubwa wa Wakatoliki, hakulikubali lile la kwanza kama linavyofundishwa sasa. Nimekutana na waumini wengi, na hata katekista mmoja, wanaodhani Kukingiwa Dhambi ya Asili ni kule kuchukuliwa mimba kwa Yesu bila baba, ilhali linamhusu Maria alipotungwa mimba na mama yake. Na majina ya wazazi wake, Yoakimu na Ana, yanayoadhimishwa kila Julai 26, yanatoka katika kile kitabu nilichokitaja ambacho Jerome alikidharau. Mtu akiyaeleza haya yote kwa mpigo mmoja kana kwamba yana umri mmoja na uzito mmoja, asishangae asipoaminiwa.

Jamaa hao hawakuwa majina tu. Eusebius, mwanahistoria wa Kanisa la kale, akimnukuu mwandishi wa kabla yake, Hegesippus, anasimulia kwamba wajukuu wa Yuda, aliyeitwa ndugu wa Bwana, walipelekwa mbele ya Kaisari Domitian kwa kushukiwa kuwa wa ukoo wa kifalme. Walisema mali yao yote ni shamba la pletra 39 (kipimo cha ardhi cha Kigiriki), wakamwonyesha viganja vyenye sugu za jembe, naye akawaachia. Simulizi hilo nalo halisemi bibi yao mzaa babu alikuwa nani.

Ndiyo maana nasema neno "ndugu" halitatuamulia. Tofauti ya kweli ni kama Kanisa linaweza kumdai muumini aamini jambo ambalo Maandiko hayakulisema waziwazi, kwa kuwa tu limeaminiwa na wengi tangu zamani. Ningeomba atakayeandika tena aanzie hapo: Mkatoliki aeleze mapokeo yanapata wapi mamlaka hayo, na Mprotestanti aeleze ni mapokeo yapi ya kale anayoendelea kuyashika bila aya, na kwa nini hayo na si haya.

Wako msomaji,
Moshi